Kofia Iliyokosa Kugawiwa

Harufu ya korosho zikichomwa kwenye bati hunikaba koo mpaka leo. Moshi wake mchungu unatoa machozi, na siku ile kijijini kwetu Kikole ulikuwa umetutoa machozi sote uani wakati Shangazi Somoe alipofika kutoka Kilwa Masoko akilia kilio cha kweli. Askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Uganda alikuwa amemwambia kwamba alimwona baba yangu, Kapteni, akipigwa risasi na kuchukuliwa na mto. Barua haikuja, wala mtu wa serikali. Wazee wakasema lisemwalo lipo. Ikasomwa hitma, mama akakaa eda, na nguo za baba zikagawiwa sadaka kama ilivyo desturi yetu.

Nilikuwa na miaka tisa na ubishi wa kurithi. Kofia yake, aliyoidarizi mama kwa mkono, niliizika ndani ya kapu la mtama, maana niliona tukishaigawa ndipo atakapokufa kweli. Shangazi alipekua nyumba nzima. "We mtoto, unamnyima baba yako thawabu!" Wenzangu wakaacha kucheza nami, wakisema namsubiri maiti. Jamani, upweke ule sijauonja tena hata ukubwani.

Siku moja mchana baba akashuka kwenye lori la kijiji, mguu mmoja mbovu, nishani kifuani. Jirani yetu Mzee Bakari, aliyekuwa amevaa kanzu ya baba, alipomwona alitimua mbio hadi msikitini! Askari aliyemsindikiza akatusimulia jinsi Kapteni alivyorudi mtoni mara tatu chini ya risasi, kila mara akitoka na majeruhi mgongoni, mpaka naye akapigwa risasi, maji yakamchukua, akaja kuokotwa mbali akiwa hai. Vigelegele vikapasua anga. Watu wakaanza kuvua nguo zake wamrudishie, akakataa: "Sadaka hairudi."

Nikamletea kofia, imejaa vumbi la mtama. Aliishika muda mrefu asiivae.

"Kulikuwa na wa nne," aliniambia mimi peke yangu. "Aliniita kwa jina, sikumfikia. Labda na yeye ana mtoto aliyeficha kofia."

Halafu akaivaa. Tangu hapo kila alasiri alikaa nyuma ya nyumba peke yake, ameielekea mikorosho, na mimi nikikaa hatua chache kutoka kwake. Kijiji kilikuwa na shujaa. Mimi nilimtaka baba, na nilipata nusu yake tu.

Siku hizi Kikole kuna simu na bodaboda, habari ya msiba inafika maiti hajapoa. Baba alifariki mwaka juzi, mkono wake nimeushika mimi, kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Lisemwalo kama halipo laja. Watoto wa shule huja kuiangalia nishani, nami huwaonyesha. Lakini siku ya kugawa nguo zake, Shangazi Somoe, ajuza asiyeona tena, aliuliza, "Na ile kofia?"

Nikamjibu sijui iliko. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, namdanganya shangazi yangu. Imo kwenye kapu la mtama.