Shukrani za Pampu

Kwa miaka kumi na miwili Hanifu, fundi baiskeli wa Ihumwa, aliandika risala za kijiji bila kusoma hata moja. Mwandiko alikuwa nao, ila mbele ya watu ulimi ulimkauka.

Mwaka 1996 pampu ya kisima ilikufa mwezi Mei. Mpaka Septemba mkewe, Khairat, alikuwa akifukua maji kwenye mchanga wa korongo. Kusikia mgeni rasmi anakuja kufungua darasa jipya, Hanifu akaandika ukurasa mmoja, wote pampu.

Mwenyekiti Damas akautazama kama kitu kilichooza. "Bwana Hanifu, risala haianzi na shida! Kwanza pongezi, halafu historia ya kijiji, halafu mafanikio."

Pampu ikasukumwa hadi ukurasa wa nne.

Siku yenyewe mgeni alichelewa kwa saa tatu. Hata hivyo Damas alitambulisha meza kuu, wajumbe, mpaka dereva wa mgeni. Zikaja ngoma tatu. Mgeni akatazama saa.

"Risala nipeni tu, nitaisoma njiani."

Akahutubia kuhusu soko huria na kujitegemea, akaketi. Hanifu alitamani kulia.

Sasa neno la shukrani. Aliyepangiwa, Castory, haonekani.

"Yuko kwenye sufuria la pilau!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

Damas akamsukuma Hanifu. "Nenda wewe. Shukuru tu, usiombe kitu!"

Hanifu akasimama. Akamwona Khairat amekalia ndoo tupu. Hasira ikaizidi aibu.

"Mheshimiwa, tunakushukuru kwa pampu."

Mgeni akainua kichwa. "Pampu ipi?"

"Ya kisima, iliyokufa tangu Mei. Asante kwa kututengenezea. Wake zetu watapumzika kwenda korongoni. Imeandikwa kwenye risala, ukurasa wa nne."

Vigelegele vikapasuka kwa wanawake, vikakataa kunyamaza. Mgeni, ameshashukuriwa mbele ya kijiji kizima, akageuka kumtafuta mhandisi wa maji aliyekuja naye.

"Lini?"

"Alhamisi, mheshimiwa."

Alhamisi mafundi wakaja kweli, na jioni maji yakatoka. Kesho yake Damas akafika kibandani kwa Hanifu.

"Ulivunja utaratibu, bwana. Haya, tuandikie risala ya kuzindua pampu. Anza na pongezi."

Hanifu akamkabidhi kalamu, akarudi kuziba pancha.