Mlango wa Nanumanga Umeshikiliwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, Pasuna Lotoala yuko peke yake katika ofisi ya maji Funafuti, mji mkuu wa nchi yao ya visiwa, akiigombeza kompyuta.

"Toka! Hebu toka humo, we bwana!"

Anayefukuzwa hayupo hata nchini. Ni mtaalamu wa kampuni iliyouza mtambo wa kusafisha maji ya bahari kisiwani Nanumanga. Ijumaa aliingia kwa mtandao kuukagua, kisha akaenda zake mapumzikoni bila kujitoa.

Mtambo husikia amri kupitia tundu moja tu, mlango wa siriali, uliounganishwa kwa waya na kikompyuta kibandani. Pasuna huufikia kwa mtandao akiwa Funafuti. Balaa lake, haupokei watu wawili kwa wakati mmoja. Aliyetangulia asipotoka, wewe utabisha mpaka uchoke.

Na jana mtambo ulijizima. Vichujio visipooshwa leo, joto litaviozesha. Mvua imegoma kwa miezi, matangi ya nyumba ni makavu, na mama yake Pasuna anaishi huko huko.

Anampigia shangazi yake, Silafaga, anayetunza ufunguo wa kibanda.

"Shangazi, chomoa waya wa umeme wa kile kikompyuta, halafu uchomeke tena. Aliyemo atatupwa nje, basi."

"Leo Jumapili? Funafuti ndiko wanakokufundisha hayo?"

"Shangazi, nakupigia magoti."

"Haya, haya! Kubembeleza huko ni kwa baba yako mtupu."

Silafaga anakwenda kibandani, simu sikioni, anachomoa. Pasuna anasubiri. Kwenye simu inasikika kengele ya kanisa, kisha simu inakatika. Anapiga tena na tena. Kisiwa kizima kimo ibadani, na skrini ya Pasuna imebaki nyeusi mpaka usiku.

"Kwetu, kukipumzisha kitu Jumapili si kosa," Pasuna anaeleza huku akijifuta uso. "Kukiwasha ndiyo kazi. Kengele ilipolia, shangazi alikiacha kipumzike. Mimi nimekulia kule, jamani! Nilisahauje?"

Jumatatu alfajiri Silafaga anachomeka waya. Mlango unafunguka mara moja, hauna mtu. Pasuna anaandika amri ya kuosha. Jibu linarudi: presha imepita kiasi. Anajaribu tena, jibu ni lile lile. Vichujio vimekwisha kuharibika, vipya huletwa kwa meli, na meli iko matengenezoni.

Anainamisha kichwa mezani na kulia.

"Nilikuwa najisifu kwamba nakigusa kisiwa changu nikiwa huku," anasema. "Kumbe nagusa kioo."

Mpango alionao sasa ni mmoja: meli ikipona, akamchukue mama yake amlete Funafuti.

"Nimemwambia afungashe mikeka yake. Akaniuliza, 'Na shangazi yako? Na hawa wengine, mwanangu, watakunywa nini?' Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii. Nikakata simu."