Kengele Iliyokuja na Ndoano

Baba yangu alistaafu ualimu akachimba bwawa la samaki. Alilichimba kule bondeni, mahali palipokuwa na shamba la nduma za Mama, na kwa muda mrefu nilidhani ugomvi wao ulianzia hapo. Sisi watu wa Kanja hatukulelewa kwa kula samaki. Mama alipomwona tilapia wa kwanza akirukaruka ndani ya karai, alisema huyo ni nyoka aliyefupishwa na hataingia katika sufuria yake. Baba akanunua sufuria nyingine.

Samaki wa bwawani wangeweza kuvuliwa kwa wavu na kazi ikaisha, lakini Baba hakutaka wavu. Alitaka fimbo, mshipi na ndoano, akae kwenye kigoda chake kando ya maji akiwa na kofia kichwani, kama mtu aliye kazini. Kwa kuwa nafanya kazi ofisini mjini Embu, kumtafutia vifaa kukawa juu yangu. Niliviagiza kwa simu, vikaja katika pakiti ndogondogo kutoka mbali, na karibu kila pakiti ilikuwa na kitu ambacho hatukukiagiza.

Sijui ni nani huko kiwandani anayezifunga, ila ana ukarimu wa ajabu. Unanunua ndoano kumi, unapewa na vipira vyeusi vilivyotungwa kwenye waya, kila kimoja kama punje ya mtama. Unanunua mshipi, inaanguka shanga nyekundu. Moja tu! Mara kijibomba cha plastiki, mara karatasi ya maelezo ya Kichina yenye picha ya mkono usio na mwenyewe. Baba alifundisha darasa la nne miaka mingi, na mwalimu wa darasa la nne hatupi kitu kabla hajakijua jina. Aliviweka vyote kwenye mkebe wa kakao na kuvibandika karatasi: Hakijulikani cha Kwanza, Hakijulikani cha Pili, na kuendelea. Mama aliiba kifuko kimoja cha punjepunje, kile kilichoandikwa kwamba si chakula, akakitia kwenye sanduku la vyeti vya ubatizo visipate unyevu. Hicho kilikuwa Hakijulikani cha Sita, na Baba alikitafuta wiki nzima.

Nilivipenda vikorokoro hivyo kwa sababu vilinipa la kusema nikifika nyumbani. Ukweli ni kwamba nyumba yetu ilikuwa imenyamaza. Wazazi wangu, ambao tangu nipate akili walikuwa wakibishana kwa raha zao, walikuwa wameacha kuongea. Mama akisema jambo, Baba hageuki. Baada ya miezi kadhaa Mama naye akachoka kusema. Asubuhi Baba alichukua kigoda akashuka bondeni, akarudi jioni. Niliogopa sana. Ndoa za kwetu hazivunjiki kwa kelele. Mmoja huhamia tu nyumba ya pili ndani ya boma lile lile, na watoto wanaambiwa ni kwa sababu ya kukoroma.

Na mimi nilikuwa na kidonda changu. Nikimpigia Baba simu alisema, "Mami, netiwaki yako ni mbaya," akakata. Huniita Mami kwa kuwa nilipewa jina la mamake. Lakini kaka yangu akimpigia kutoka Ruiri, walizungumza mpaka chaji ikaisha. Nilinuna, sitaficha. Mimi ndiye niliyekuwa nikinunua ndoano, na kaka ndiye aliyekuwa akipata mazungumzo.

Jumamosi moja nilileta pakiti ya ndoano kubwa. Tuliifungua sote watatu barazani, maana hata Mama hakuweza kujizuia kuona safari hii kumekuja nini. Kilidondoka kikengele cha rangi ya fedha chenye kibanio.

"Hiyo ni ya paka," Mama akasema.

"Si ya paka, Mama. Inabanwa kwenye fimbo. Samaki akivuta, inalia."

Baba hakujibu mtu. Alikichukua, akakitikisa karibu na sikio. Akakitikisa tena, kwa nguvu. Uso wake ukawa wa mwalimu aliyeletewa chaki isiyoandika.

"Feki," akasema. "Wamekuuzia kitu feki, Mami. Hailii."

Ilikuwa ikilia. Ilikuwa ikilia hadi kuku wakainua vichwa.

Nilimtazama Mama, naye akanitazama. "Tikisa tena, Mwalimu," Mama akamwambia, lakini Baba alikuwa ameinama akisoma pakiti, wala hakuinua uso. Nikachukua kengele nikaenda nyuma yake, nikaitikisa hatua moja kutoka kisogoni. Hakuna. Mama akajifunika mdomo kwa leso.

Sijui nani alinituma, lakini nilishusha sauti mpaka chini kabisa, ile sauti nzito ya kaka yangu ambayo nimeiigiza tangu utotoni kumkasirisha.

"Baba, inalia."

Aligeuka papo hapo. "Inalia?"

Tukaitikia kwa vichwa. Baadaye daktari wa masikio alitueleza kwamba kwa wazee wengi sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na nzito hubaki nyuma. Ndiyo maana wanaume wenzake wa kanisani hawakugundua lolote, wala kaka yangu, na kumbe netiwaki yangu haikuwa na kosa. Lakini siku ile hatukujua hayo. Tulijua tu kengele inalia na Baba haisikii.

Nilitarajia aulize habari ya masikio. Badala yake alimgeukia Mama.

"Kwani wewe umekuwa ukiongea?" akamuuliza.

Mama akainua mikono miwili, akaishusha. Kila siku, mpaka nikachoka, ilisema ile mikono.

"Mimi nilijua umenikasirikia juu ya nduma," Baba akasema. "Nikaona heri nikuondokee, nikae huko chini usinione."

"Na mimi nilijua umepata samaki, mimi hunitaki tena."

Baba hakusikia. Mama akanigeukia, macho yamejaa. Basi ikanilazimu mimi, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi, kumwambia baba yangu kwa sauti ya kaka yangu kwamba mama yangu alidhani hapendwi tena. Nililia nikicheka katikati ya sentensi, nikaianza upya.

Baba alivua kofia. Alisogeza kigoda ukutani, akapigapiga kiti cha pembeni yake. Mama akaja akaketi, akamshika bega, akakohoa, akashusha sauti kama mwanamume anayesoma matangazo ya kanisa. Akaanza na habari za Januari: mbuzi wa jirani alizaa watatu, mke wa mchungaji alifanyiwa upasuaji, bei ya parachichi, nani alimjibu nani vibaya kisimani. Baba alikuwa akiuliza maswali. Alibisha mara mbili. Walisahau kwamba nipo, nikajipikia chakula mwenyewe.

Nilipoondoka saa kumi na moja kurudi mjini, walikuwa wamefika Aprili.