Mpiga Chapa wa Fundi Taratibu

Mama mdogo wangu alikuwa mpiga chapa. Nasema mpiga chapa wa kweli, si sisi wa siku hizi tunaodonoa herufi kwa vidole viwili kama kuku kwenye mchele. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia mahakamani, kwenye chumba chenye dirisha moja na feni iliyolia kuliko ilivyopuliza. Huko kulikuwa na sheria isiyovunjwa: kilichosemwa ndicho kinachopigwa. Shahidi akisema, "Aah, ngoja kwanza, hapo nimedanganya," mama mdogo alipiga, "Aah, ngoja kwanza, hapo nimedanganya." Hakuongeza neno lake na hakupunguza la mtu.

Alipostaafu akahamia dukani kwa mumewe, baba mdogo, aliyekuwa fundi wa cherehani. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilozungumza na cherehani zote. Akifungua parafujo iliyogoma, utamsikia: "Taratibu, bibie, taratibu, sisi si maadui." Chumba kilikuwa chembamba, kinanuka mafuta ya mashine na vumbi la nguo, na cherehani zimepangwa ukutani kila moja na kipande cha kitambaa chenye jina la mwenyewe. Nilikulia mle. Mpaka leo nikipita mahali panaponuka mafuta yale, nasimama kidogo bila kujua kwa nini.

Blogu niliwafungulia mimi, nilipokuwa chuoni na kujiona najua mambo. Baba mdogo aliniuliza, "Blogu ndiyo nini? Inashonwa?" Nikamweleza kwamba mtu cherehani ikimsumbua anaingia mtandaoni kutafuta dawa, akikuta maelezo yako atakuamini, kesho atakuletea. Akafikiri, akafuta mikono.

"Sawa. Mimi nitasema, Karani atapiga." Karani ndilo jina alilompa mkewe.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi yeye anainama juu ya kazi yake, anasema, na mama mdogo amekaa kwenye kona na kompyuta, vidole vinakwenda. Makala ya kwanza niliisoma nikiwa bwenini, nikacheka hadi wenzangu wakaja kuangalia. Ilisema hivi:

"Leo tuzungumzie cherehani inayoruka mishono. Usiilaumu cherehani, angalia sindano. Karibu mama, pita, ila hicho kigoda mguu mmoja umelegea. Sindano ikiwa butu, au imepinda kidogo tu, basi tena. Hapana mama, haijawa tayari, nisikudanganye. Nilisema Jumatatu lakini sikusema Jumatatu ipi. Haya. Toa sindano, ilaze juu ya kioo, itazame."

Nilimpigia simu. "Mama mdogo, hii ya kigoda na Jumatatu ungeiacha."

"Hakusema?"

"Alisema, lakini..."

"Basi."

Huwezi kubishana na mtu aliyepiga chapa mbele ya mahakimu. Na kichwa cha makala, nacho, alikiweka kwa utaratibu wake: neno la kwanza lililosemwa. Kwa kuwa baba mdogo kila siku alianza na "Leo tuzungumzie", makala zote za blogu ile zilikuwa na kichwa kimoja: Leo. Leo, Leo, Leo, ukurasa hadi ukurasa. Anayetafuta dawa ya uzi kukatika angezeekea mle.

Lakini watu walisoma. Walisoma kwa sababu ya sindano, wakabaki kwa sababu ya kigoda. Chini kwenye maoni mtu anauliza habari ya mafuta gani yafaa, na mwingine anauliza kama yule mama alipata cherehani yake. Wateja wakaanza kutoka mbali, wamepakata mashine zao kama watoto wachanga, na wanapoingia tu wanakikwepa kigoda. Baba mdogo alifurahi kama mtoto. "Karani," alisema, "umenifanya maarufu na hujaniongezea hata nukta."

Alifariki msimu wa mvua, ghafla, moyo. Aliweka bisibisi chini, akasema amechoka, na kweli alikuwa amechoka.

Meza yake akaichukua binti yao, ambaye ni mkubwa kwangu na namwita Dada. Dada alifundishwa na baba yake tangu udogo, na mikono ni ileile. Mdomo ndio hakurithi. Anaweza kukutengenezea cherehani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na neno pekee utakalosikia ni "Tayari." Kwa hiyo kwenye kona mama mdogo alikaa mbele ya kompyuta na hakukuwa na cha kupiga. Blogu ikanyamaza.

Wasomaji hawakunyamaza. "Fundi, uko wapi?" waliandika. "Fundi, umetususa?" Mmoja akauliza kama duka limefungwa, mwingine akamjibu kwamba alisikia limefungwa, na uvumi hauna miguu lakini hufika. Wateja wakapungua. Rafu zikabaki na cherehani za watu wa mtaani tu. Dada hakuwa mtu wa kulalamika, lakini nilimwona akifuta vumbi kwenye meza isiyo na kazi, na nikajua. Bila blogu ile duka lingekufa, na lilikuwa kitu pekee ambacho baba mdogo aliwaachia.

Siku moja Dada akamwambia, "Mama, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba baba amefariki na sisi tupo."

"Nani kasema nipige?"

"Useme wewe, mama."

"Mimi napiga. Sisemi." Akainuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tukaita mtaalamu. Alikuwa kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa, anajua kazi yake, na sitamsema vibaya kwa sababu mengi aliyosema yalikuwa kweli. Alitueleza kwamba blogu ile ilifunguka polepole kama geti la chuma. Kwamba namba ya simu na maelekezo ya kufika dukani viwe juu kabisa, si msomaji avichimbe. Kwamba kila makala iwe na picha, na kichwa kinachotaja shida yenyewe, maana hakuna mtu duniani anayeingia mtandaoni kutafuta "Leo". Mama mdogo alitikisa kichwa kukubali kila jambo. Mtu akisema kweli, alimheshimu.

Kisha mtaalamu akafungua makala moja aliyoisafisha ili tuone mfano. Kigoda hakipo. Jumatatu haipo. Sindano peke yake, safi, imepangwa kwa hatua.

Mama mdogo aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Huyu nani?"

"Ni Fundi, mama. Nimepunguza tu vitu visivyohusu."

"Huyu simjui. Rudisha."

Kijana wa watu akarudisha. Halafu, kwa nia njema kabisa, akatoa tangazo alilotuandalia: "Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa duka unapenda kuwataarifu wateja wake wapendwa..."

"Uongozi ndio nani?" mama mdogo akauliza.

Dada alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi, na kicheko chenyewe kilimtoka na machozi, ikabidi ageukie ukutani ajifanye anatafuta kitu. Mtaalamu tulimshukuru, tukamnywesha chai, akaondoka.

Kazi ya kubadili vichwa nikaifanya na mama mdogo, yeye anasoma, mimi namshika mkono kwenye mambo ya mtandao. Ilitubidi tupitie makala zote, moja moja. Sikujua nimejiingiza kwenye nini. Nilidhani tunarekebisha blogu, kumbe tumerudi kuishi na baba mdogo. Alikuwa mle akipiga chafya. Alikuwa mle akimfukuza paka, akimpaka mshonaji mmoja mafuta kwa mgongo wa chupa kisha akimsema akishatoka, akiimba nusu mstari na kuusahau. Mama mdogo alicheka mahali palepale alipocheka zamani. "Hapa alikuwa amevaa lile shati la bluu," alisema, na mimi nililiona shati.

Kwenye makala ya mkanda uliolegea tulikuta hivi: "Karani, unaumwa? Mbona huna raha? Aha. Basi pumzika, tutamalizia kesho. Hapana, mkanda hauna haraka, wewe ndiye wa kwanza."

"Mama mdogo, hapa ulimjibu nini?"

Alitazama kioo cha kompyuta. "Sikumbuki. Sikupiga."

Ndipo nilipoona. Miaka yote ile walikuwa wakizungumza, na la mama mdogo hata neno moja halikuwamo. Baba mdogo ameuliza, ametania, ameomba radhi, amebembeleza, na majibu ya mkewe yamepotea yote kwa sababu hakimu hakuyaamuru. Niliumia, na nadhani na yeye aliumia, maana alifunga kompyuta kabla hatujamaliza ukurasa.

Asubuhi iliyofuata akaja mama mmoja amebeba cherehani kichwani, jasho linamtiririka. Alisimama mlangoni akishangaa. "Kumbe mpo! Nimetoka mbali, huko kwenye mtandao wanasema mmefunga. Nikasema nijaribu, nikikosa nirudi. Fundi yupo?"

Dada aliinamisha kichwa. Yule mama akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa, akashusha mzigo wake taratibu na kushika mdomo.

Mama mdogo akaenda kwenye kona. Akavaa miwani, akaweka vidole mahali pake. Vikakaa. Nilimwona akisubiri mtu aseme. Kisha akaanza kupiga, kwanza neno moja moja, halafu kwa kasi yake ya mahakamani. Nilisogea nikasoma begani kwake.

"Fundi Taratibu amefariki. Ni mimi mke wake, ndimi niliyekuwa napiga maneno yake. Ni moyo, hakuteseka. Duka halijafungwa. Binti yetu ndiye fundi sasa, baba yake alimfundisha kabla hajafika urefu wa meza. Hasemi sana, msidhani amewakasirikia. Sasa hivi anafungua cherehani ya mama aliyetoka mbali. Mama, kaa, utakunywa chai? Inakata uzi. Mama anasema amebadilisha uzi hadi amechoka. Uzi hauna kosa. Kwenye tundu inapopita sindano kuna mkwaruzo, binti anausugua kwa msasa laini. Zaidi ya hapo sijui. Nikijua nitaandika."

Nilirudi kwenye yale maneno ya chai. Alikuwa ameyasema kwa sauti huku vidole vikienda, na vidole havikusita. Sijui kama yeye mwenyewe aliona alichofanya. Sikumwambia.

Akaiweka mtandaoni bila kuisoma mara ya pili. Kichwa alikiandika: "Fundi amefariki, duka lipo, na cherehani inayokata uzi." Mtaalamu angesema ni kirefu mno.

Pole zilianza kuingia kabla yule mama hajamaliza chai. Watu tusiowajua walimlilia baba mdogo kama ndugu yao. Wengine walisema watakuja wiki hiyohiyo. Dada aliacha kazi akaja kusimama nyuma yetu na bisibisi mkononi, tukasoma wote watatu, mpaka tukafika kwa mtu aliyeandika mstari mmoja tu: "Na wewe mama, unaendeleaje?"

Mama mdogo aliusoma, akageuka. "Nimjibu nini?"

Mimi nina jibu la kila kitu, waulize wanaonifahamu. Safari hii nilifunga mdomo.

Mama mdogo akaigeukia kompyuta, akapiga: "Vibaya. Njooni tu, tupo."