Maneno ya Mwisho ya Seva

Shadya alisomea kompyuta Dar, akarudi kwao Bagamoyo kutunza seva, kompyuta inayorusha matangazo, ya redio ndogo ya mjini. Chumba cha seva, alimokaa, kilikuwa na dirisha moja, na nje yake msufi mkubwa. Mchana alikaa pale kama aliye usingizini macho wazi: muziki ukipenya ukutani, sufi nyeupe zikielea hewani bila haraka.

Kisha redio ikaanza kunyamaza. Kila mara ilikuwa alasiri, katikati ya kipindi cha Dija, mtangazaji kijana. Seva ilizimika, Dija akakimbia kwa Shadya iwashwe, wasikilizaji wakabaki na kimya.

"Dija mwanangu, unagusa nini?" aliuliza Mzee Muhidini, meneja.

"Wallahi sigusi kitu, mzee."

Likatokea tena, na tena. Muhidini akasema kipindi atampa mtu mwingine. Dija akaja kwa Shadya, macho mekundu.

"Dada, hiyo mashine yako haisemi?"

Ilikuwa inasema, ila ilisahau. Seva huandika ujumbe wa kila linaloipata, lakini hii iliuweka kwenye kumbukumbu ya muda tu, ile inayofutika mashine ikizimika. Kila ilipoamka, ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kuamka kwenyewe. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Asubuhi, kabla ya matangazo, Shadya alitengeneza folda kwenye diski na kuiamuru seva iandike humo. Akaizima kusudi, akaiwasha. Ujumbe wa kabla ya kuzimwa ulikuwepo wote. Akatabasamu peke yake.

Siku mbili baadaye redio ikanyamaza. Seva ilipowaka, Shadya alisoma mistari ya mwisho polepole, kama anayesimuliwa ndoto: joto linapanda; joto limepita kiwango; mfumo unajizima usiungue.

Akafungua kasha. Feni ilikuwa imesongwa na sufi, laini, nyeupe, imejaa hadi kwenye mapanga; jua la alasiri lilipoingia, mashine haikuwa na upepo wa kuipoza. Dija alicheka, halafu machozi yakamtoka. Muhidini alisimama mlangoni akitazama.

"Niwie radhi, Dija. Nilikudhania."

"Yamekwisha, mzee."

Feni ikasafishwa, dirisha likawekwa wavu. Alasiri iliyofuata kipindi kilienda mpaka mwisho, na mama mmoja wa Makurunge akapiga simu kuomba wimbo wa mjukuu wake aliyezaliwa alfajiri. Shadya aliusikiliza wote, kichwa ameegemeza ukutani, mpaka adhana ikaita.