Silinda Sita, Silinda Nane

Nilichagua mimi kwanza. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyostahili. Kampuni moja ya wageni iliyokuwa ikijenga barabara ilimaliza kazi, ikafunga ofisi yake ya Mchafukoge na kuanza kuuza vyombo vyake. Sisi mafundi wawili tuliokuwa tukiyatunza magari ya wakubwa tukapewa nafasi ya kununua, kila mtu gari lake, kwa bei ya kuagana. Yalikuwa magari mawili ya Kimarekani ya aina moja, milango miwili, boneti refu, nyuma fupi, usukani kushoto. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kazini, meneja alinikabidhi funguo zote mbili na kuniambia nitakaloliacha litakuwa la mwenzangu.

Nikachagua kwa akili ya fundi. Moja lilikuwa la silinda sita, rangi ya maziwa, halijatembea sana, halina hata mkwaruzo. La pili, jekundu, lilikuwa la silinda nane, mlango umebonyea, linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Foleni za petroli zilikuwa zimeshaanza mjini na nilijua ni nani atakayelia mwisho wa mwezi. Nikachukua la silinda sita. Mwenzangu alipokea ufunguo uliobaki bila kinyongo, akaanza kulizunguka gari lake huku anapiga mluzi.

Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, amekuja mjini miaka michache nyuma, ana mke na anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu pale Kariakoo. Kila jioni baada ya kazi alikuwa chini ya lile gari. Baada ya miezi minne akaliingiza barabarani. Nilikuwa nimekaa barazani nakunywa chai nilipolisikia linakata kona. Sikulisikia kwa masikio peke yake, vikombe vilitikisika. Watoto wakatoka mbio, akina mama wakaacha majiko, na muuza duka wa mkabala akasimama mlangoni na kipimo cha sukari mkononi. Siku mimi nilipolileta la kwangu, watu walinipa hongera na kuendelea na shughuli zao.

Vijana wa siku hizi husuda hiyo wanaiita roho ya kwa nini. Mimi sikuwa na jina la kuiita, ila niliijua inavyokaa kifuani.

Kilichonimaliza kabisa ni kijitabu. Meneja alikuwa ametuachia kijitabu cha kiwandani chenye picha na jedwali la kila daraja la gari lile, na nikakisoma mpaka nikakihifadhi. La kwangu lilikuwa la daraja la chini: viti vya plastiki, vifuniko vya rimu vya bati tupu, gia tatu, kabureta ya shingo moja. Yangu ndiyo injini iliyokuja na gari kama hukuomba kitu. La kwake lilikuwa la daraja la juu: viti viwili vya mbele vilivyojitenga, gia nne katikati yake, saa ya kuonyesha mzunguko wa injini, mistari miwili myeusi juu ya boneti, na hata kiyoyozi, ambacho kilikuwa kimekufa lakini vitobo vyake vilionekana. Bati la ubavuni, vioo, bampa, vyote vilikuwa sawasawa kama mapacha. Tofauti yote ilikuwa kwenye vile ambavyo mtu mmoja kule Marekani alikubali kuongezea fedha na mwingine akakataa. Mimi nilirithi ubahili wa mtu nisiyemjua.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya adhabu. Miaka ile, kuanzia saa nane mchana wa Jumapili, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea, ili kuokoa petroli. Basi wenye magari tuliyaosha, tukayaegesha mbele ya nyumba, tukafungua maboneti. Magari yaliyosimama yakawa yanashindana kwa sura. Wazee waliotoka msikitini na vijana wanaosubiri kuteremka Jangwani kwenye mpira wote walikusanyika kwa mwenzangu. Walihesabu plagi nane kwa vidole na kubishana kuhusu mbio zake, ilhali hakuna aliyewahi kuliona likikimbia, maana barabara zetu zilikuwa na mashimo. Wachache walipita kwangu kwa adabu. Mzee mmoja aliniambia la kwangu ni zuri, la kiungwana. Nilimshukuru, na moyoni nikamwona mchawi.

Halafu mke wa mwenzangu akawa mjamzito. Alipokaribia kujifungua, mumewe alinijia barazani na kuongea kwa upole wake ule ule.

"Ndugu yangu, hili langu silitegemei, linakunywa kama limelaaniwa. Lako linawaka kwa ufunguo mmoja na halimalizi mafuta. Tafadhali weka galoni mbili kando kwa ajili ya shemeji yako. Siku ikifika utupeleke."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Lakini nilijisikia kama msichana anayesifiwa tabia wakati mwenzake anasifiwa uzuri. Yaani la kwake ni la arusi, la kwangu ni la hospitali. Mtu mwenye akili timamu angeona amepewa heshima. Mimi nililala nayo kama tusi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Gerezani kwa wauza vyuma chakavu, nikanunua kabureta ya shingo mbili, inayovuta hewa na petroli zaidi, iliyotoka kwenye lori. Kusudi langu lilikuwa kuifunga kwenye silinda sita yangu, nikate na ekzosi, ili Jumapili nikiwasha pale mtaani watu wageuze shingo. Nililiingiza gari kwenye uwanja wa gereji nilikokuwa nikifanya kazi baada ya kampuni kufungwa. Kabureta haikukaa, matundu hayakulingana. Nikalifungua bomba la chuma linalopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye injini, nikalitoboa, nikampelekea mchomeleaji aliunganishie kipande. Ni chuma cha kumimina, na kila fundi anajua chuma hicho hakitaki moto wa haraka. Tuliharakisha. Kilipasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mlio mdogo tu. Niliufunika uso wa gari kwa turubai na kurudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mwenzangu alikuja mbio. Uchungu umeanza. La kwake lilikuwa limekauka, petroli yote imeishia kwenye msafara wa arusi ya jana, na teksi zote ziko kwenye foleni ya petroli.

"Toa gari," aliniambia.

Nikamwambia limeharibika, liko gereji na zile galoni mbili zimo tangini mwake, na gereji Jumapili imefungwa. Hakuniuliza limeharibika nini. Aligeuka, akakimbilia sokoni na kurudi na mkokoteni wa wachukuzi. Tukatandika godoro, tukamlaza shemeji, tukausukuma mimi na yeye juani kutoka Kariakoo mpaka hospitali ya Upanga. Shemeji alikuwa ameuma kanga. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alinishika mkono, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alijifungua muda mfupi baada ya kufika, mtoto wa kike, na wote wawili walikuwa wazima. Mlangoni, mwenzangu alinikumbatia akalia begani kwangu. 

Jumanne alikuja gereji kunisaidia kutengeneza gari. Sikupata muda wa kuficha vitu. Aliinua turubai, akatazama bomba lililopasuka, akaichukua ile kabureta ya shingo mbili na kuigeuza mikononi. Huwezi kumdanganya fundi kwa vyuma.

"Ulifungua lini?"

"Jumamosi."

"Lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

Akaiweka kabureta chini. Nilisubiri anitukane, hata anipige, na naapa ningeshukuru.

"Ungesema tu unalitaka la silinda nane," alisema. "Tungebadilishana. Shemeji yako alikuwa ananisihi siku zote nikuombe hilo lako. Niliona aibu, kwa kuwa wewe ndiye uliyechagua."

Akavua shati, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaniomba spana namba kumi na nne. Wivu wa gari uliniisha pale pale. Nikabaki nautazama mgongo wake ulioinama juu ya injini yangu, naionea kijicho roho njema aliyopewa mtu yule, na hicho mpaka leo sijapona.