Wimbo wa Mabati

Filomena alikuwa na sauti ambayo watu wa Kimbiji waliisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Alitoka nayo kwao Masasi, akaikuza kwenye kwaya ya misheni, na usiku wa Uhuru aliimba mpaka koo likamkauka, akanyweshwa maji na watu asiowajua. Tangu hapo hapakuwa na harusi wala ugeni wa Chama uliopita bila yeye kuitwa. Wenyeji wengi walikuwa Waislamu na yeye Mkristo wa kusini, lakini penye ngoma hakuna aliyeuliza hayo. Mumewe Kornelio, mchonga vinyago, ndiye aliyempigia ngoma, na alipenda kusema kwamba ameoa redio isiyotaka betri.

Ilipofika Operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, waliteremshwa kutoka kwenye mikorosho yao kule mlimani, wakapangwa mstari mmoja bondeni, karibu na bahari, ili gari la serikali lifike bila taabu. Wazee walisema pale maji hulala. Wakaambiwa waache mawazo ya kizamani. Haya, masika yaliyofuata ikaja tufani. Iling'oa minazi, ikabeba karibu makuti yote, ikaingiza bahari mpaka jikoni. Na serikali ile ile iliyopata malori ya kuwahamisha, sasa ikakosa hata moja la kuleta maturubai. Ilileta salamu za pole, pamoja na agizo kwamba asirudi mtu mlimani.

Eufrazia, binti wa Filomena, alijifungua siku chache baada ya tufani. Kichanga kililazwa chini ya kipande cha paa kilichoegemezwa kwenye gogo, kikikohoa. Kila alasiri wingu lilijikusanya upande ule ule lilikotokea lile la tufani, likasimama tu, na kunguru walioikimbia tufani walikuwa hawajarudi. Filomena aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Hakutaka kitu kingine duniani ila mabati machache juu ya kichwa cha mjukuu wake.

Ndipo alipokuja Sadallah, katibu wa Chama.

"Mama Eufrazia, Jumamosi tuna mgeni mkubwa kutoka mjini. Tutungie wimbo wa shukrani."

"Tushukuru nini, Ndugu Katibu? Sie hatujaona hata turubai."

"Lori linakuja naye. Mabati yamo, unga umo. Sasa mtu akuletee mzigo, akukute umenuna? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Si afadhali tumwombe?"

"Kuomba mbele ya mgeni ni kuniumbua mie. Nyie imbeni mmepata. Akishuka, mmepata kweli."

Kornelio hakuupenda mpango ule. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu akipangusa mdomo kabla ya kula. Filomena alimtazama mtoto, akautazama upande wa bahari, akaanza kutunga. Na kwa kuwa hakujua kutunga ovyo, wimbo ukawa mtamu. Kufika Ijumaa kijiji kizima kilikuwa kinauimba.

Jumamosi mgeni alifika na Landrova, nyuma yake lori lililofunikwa turubai, na nyuma ya lori gari la watu wa redio. Watu walilitazama lori kuliko walivyomtazama mgeni. Kornelio akapiga ngoma, Filomena akatoa sauti:

"Mabati tumepata, baba, unga tumepokea,
Tufani ilitupiga, serikali imetupokea."

Wakaitikia wote, kwa njaa yao yote. Mgeni aliinua kichwa, akatabasamu, akasimama.

"Ndugu zangu, nilidhani nitakuta vilio. Kumbe mmeshafikiwa. Hongera, Katibu. Basi mzigo huu hatutaushusha hapa. Utakwenda kwa wenzenu ambao hawajapata."

Mabalozi wa nyumba kumi wakapiga makofi, maana kiongozi akinyamaza hupigiwa makofi, na watu wakafuata. Sadallah naye alipiga. Angesema nini? Kwamba amewafundisha watu uongo? Alitazama viatu vyake. Filomena peke yake ndiye aliyesogea mbele.

"Ndugu mgeni, ule ulikuwa wimbo tu."

"Tena wimbo mzuri sana, mama," mgeni alisema, akampa mkono. "Nchi nzima itausikia."

Lori likageuzwa palepale uwanjani. Turubai lilipepea nyuma kidogo, na waliokuwa karibu waliyaona mabati.

Jumatatu mtoto aliamka anahema kwa shida, na upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka baharini. Filomena alidandia gari la nazi hadi Temeke, akaingia ofisi ya wilaya na kanga yake iliyolowa jasho. Karani, kijana wa Bukoba aliyeitwa Gozbert, alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Kimbiji. Tufani imetuacha nje. Nina kichanga, na mvua inarudi. Nipeni hata bati moja."

Gozbert alimhurumia, ilionekana usoni. "Mama, Kimbiji si mmeshapata? Wenyewe mmesema."

"Nani kasema?"

Karani alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio iliyokuwa dirishani, kwa kuwa tangu jana wimbo ule ulikuwa ukirudiwa kila baada ya taarifa ya habari, na taarifa ilikuwa imekwisha punde. Filomena alisimama akajisikiliza. Sauti ilikuwa safi, kila neno likisikika. Akaona aibu kama aliyevuliwa nguo sokoni, akaaga, akatoka.

Alipofika kijijini mvua ilikuwa imeshaanza. Eufrazia alikuwa amejikunja juu ya mtoto, mgongo wake ukiwa ndio paa. Kornelio, ameshika kipande cha makuti juu ya vichwa vyao, alimuuliza mkewe wamemjibu nini huko Temeke.

"Hawakunijibu wao," alisema Filomena. "Nimejijibu mwenyewe."

Akavua kanga, akaitandaza juu ya binti yake. Upepo ukaichukua.